Jinsi ya kutengeneza mchezo wa redio wa kupatanisha watu baada ya vita, bila kuhubiri

Hii ni kwa wale wenye redio ya jamii au kikundi cha sanaa, au mmepata hela kidogo ya mradi na mnataka kutengeneza mchezo wa redio sehemu ambayo watu walikatana mapanga na sasa wamerudi kuishi pua na mdomo. Nitatolea mifano zaidi Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki manake hapo ndo hii kazi imefanywa kwa muda mrefu na pia ikapimwa, kwahiyo hatubahatishi.

Tuanze na jina. Usiweke neno amani kwenye jina la mchezo. Mtu aliyetoka vitani hilo neno ameshalisikia kwa wanajeshi, kwa wanasiasa, kwa watu wa magari meupe, ukilitaja tu anaenda zake kuteka maji. Burundi mwaka 1997, vita bado inawaka, Studio Ijambo, studio ya vipindi vya redio pale Bujumbura, walianza mchezo wakauita Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndo ndugu, familia mbili zimepakana ua, moja ya Wahutu moja ya Watutsi, mwandishi ni mama mmoja mtunzi wa maigizo anaitwa Marie-Louise Sibazuri, na ulienda mamia ya sehemu. Rwanda mwaka 2004 ikaja Musekeweya, pambazuko jipya. Kongo ya mashariki wakapata Kumbuka Kesho. Hakuna hata mmoja unaosikika kama kichwa cha semina.

Sasa kabla hujashika kalamu elewa unachezea nini, kwasababu redio ndo ilibeba sumu yenyewe. RTLM, ile redio binafsi iliyochochea mauaji ya Rwanda, ilianza Kigali katikati ya 1993 na haikuanza kwa kufoka, ilianza kwa muziki mzuri, utani, watangazaji wanapiga stori kama wako kilabuni, vijana wakaipenda kuliko redio ya serikali iliyokuwa inasoma taarifa kama hotuba ya msiba. Ilipofika Aprili 1994, mauaji ya kimbari yanaanza, watu walishaizoea hiyo sauti, wanaiamini. Mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya Rwanda, ilikuja kuwatia hatiani wakubwa wake Desemba 2003. Ninachotaka ukichukue hapo ni kwamba waliojenga chuki walijua kuburudisha, kwahiyo ukija na mchezo wa kuchosha eti kwasababu una nia njema umeshapigwa bao asubuhi.

Haya, mchezo unabadilisha nini hasa kwa msikilizaji? Hapa wengi wanakosea tangu kwenye karatasi ya kuombea hela, wanaandika "kubadilisha mitazamo". Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Elizabeth Levy Paluck, alipima Musekeweya mwaka mzima. Alichukua jamii mbalimbali, wapo manusura, wapo Watwa, lile kundi dogo la tatu la Rwanda, wapo mpaka wafungwa wa mauaji ya kimbari, baadhi ya vikundi vikasikiliza Musekeweya na vingine vikasikiliza mchezo wa afya, halafu akalinganisha. Imani za watu za ndani hazikusogea sana. Aliyeamini jambo fulani kuhusu chanzo cha vita aliendelea kuliamini. Kilichosogea ni kile mtu anachoona ni kawaida kwa wenzake: watoto wetu wanaweza kuoana na wa upande wa pili, mtu anaweza kupinga mawazo ya wengi hadharani, huzuni ya mtu sio ya kumezea. Na tabia ikafuata. Mwisho wa utafiti walipewa redio na kanda za mchezo kama zawadi ya kijiji, wale wa mchezo wa afya wengi wakasema apewe kiongozi atunze, wale wa Musekeweya wakaanza kubishana wenyewe waitunzeje kwa pamoja, nani anunue betri, kiongozi asibaki nayo peke yake. Kwangu mimi huo ubishi wa betri ni ushahidi mzuri kuliko fomu mia za maswali ya ndio na hapana.

Kwahiyo lengo lako liwe dogo na la wazi: msikilizaji asikie watu kama yeye wakifanya kitu ambacho alidhani hakuna anayethubutu. Usihangaike na roho yake, hangaika na anachodhani majirani zake watasema.

Sasa tuingie kazini.

Nenda ukakae na watu kwanza. Sio dodoso, kaa. Kisimani, kwenye mashine ya kusaga, saluni, kwenye foleni ya mgao. Sikiliza wanagombania nini SASA HIVI, manake vita ikiisha ugomvi haurudi na jina la kabila, unarudi na jina la shamba. Mtu kakimbia miaka kumi karudi kakuta mwingine kalima na kajenga, Burundi hiyo ndo kesi kila kona, wakimbizi waliotoka Tanzania wanarudi na ardhi ina mwenyewe. Andika misemo yao, matani yao, jinsi wanavyotajana bila kutajana. Na waulize kitu ambacho watafiti wengi wanasahau, kipindi cha vita nani alificha mtu wa upande wa pili? Kila eneo wapo. Hao ndo malighafi ya wahusika wako, ila usichukue kisa cha mtu mzima mzima kikatambulika, changanya visa vitatu vinne uzae mtu mpya, bado kuna watu wanaoweza kulipiza.

Waandishi na waigizaji wachanganyike. Hili halina mjadala. Studio Ijambo walianza 1995 kwa kuweka Wahutu na Watutsi chumba kimoja wakati mji wenyewe umegawanyika mitaa. Ukiandika na watu wa upande mmoja, hata wawe wema vipi, wa upande wa pili watatoka kwenye skripti wakiwa kama vikatuni, ama malaika ama mashetani, na msikilizaji wa upande huo atalinusa ndani ya dakika mbili. Chumba cha waandishi mtagombana. Gombaneni humo humo, zile hoja ndo zinakuwa mazungumzo ya wahusika.

Halafu tengeneza vijiji vyako vya kubuni. Musekeweya ina Bumanzi na Muhumuro, ukivitafuta kwenye ramani huvipati, na neno Mhutu au Mtutsi halitajwi kabisa ila kila Mnyarwanda anajua kinachozungumziwa. Ugomvi unaanzia kwenye ardhi, ukame, na serikali kupendelea kijiji kimoja. Huo ujanja ni mkubwa, manake ukitaja kabila msikilizaji anaanza kuhesabu, mbona wa kwetu ndo wabaya wengi, na hapo umempoteza. Chora ramani kabisa ukutani: mto uko wapi, soko, shule, mashamba mazuri yako upande gani, nani akitoka kwake anapita kwa nani. Utaitumia miaka.

Sasa mgongo wa hadithi. Mwanasaikolojia aliyesaidia Musekeweya, Ervin Staub, yeye mwenyewe mtoto wa Kiyahudi aliyenusurika Hungaria, anasema mauaji ya halaiki hayadondoki kutoka juu, yanapanda ngazi. Maisha yanakuwa magumu, watu wanatafuta wa kumlaumu, anatokea kiongozi wa kuwaonesha kidole kimwelekee nani, inaanza mizaha, inakuja kutengwa kidogo, kipigo cha kwanza kinapita bila mtu kusema kitu, na kila hatua inafanya inayofuata iwe rahisi, na waliokaa kimya wanazidi kukaa kimya. Chukua hizo ngazi uzipange kwenye msimu mzima. Kwenye kila ngazi jiulize hapa nani angeweza kusema hapana, halafu mpe huyo mtu sauti, wakati mwingine aseme, wakati mwingine anyamaze na baadae tuone gharama ya kunyamaza. Kwa maoni yangu huyu mtu wa pembeni ndo mhusika mkuu wa kweli wa mchezo wa aina hii, kuliko muuaji na kuliko muathirika, sababu wasikilizaji wako wengi walikuwa yeye.

Wahusika wawe wa aina tatu, hii ni fomula ya Miguel Sabido, Mmeksiko aliyekuwa anatengeneza tamthilia za televisheni miaka ya sabini: mwema, mbaya, na yule anayeyumba katikati. Sisi huku tunaijua hata bila kujua jina lake, waliosikiliza Twende na Wakati pale RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, kuanzia 1993 wanamkumbuka Mkwaju dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke, mpaka UKIMWI ukamkuta. Fundisho ni lipi, Mkwaju alikuwa anapendeza kusikiliza. Mbaya wako lazima apendeze, awe mcheshi, awe anasaidia watu hela ya dawa, awe na hoja zenye nusu ukweli, manake wachochezi wa kweli ndo wako hivyo. Ila lazima mtu aone bei ya maneno yake, na bei ailipe na yeye, isilipwe na wengine tu. Anayeyumba ndo mpe muda mrefu zaidi hewani, abadilike taratibu, arudi nyuma, akosee tena. Mtu akibadilika ndani ya sehemu mbili watu wanacheka.

Mapenzi weka, usijifanye msomi. Musekeweya ina Shema na Batamuliza, kila mmoja kijiji chake, na kaka yake Batamuliza ndo yule kiongozi mchochezi, Rutanagira. Bibi asiyejali habari zozote za upatanishi atafungua redio kila wiki ajue kama wale watoto wataoana, na njiani atasikia yote uliyotaka asikie. Wale wawili hawakuishia kupendana tu, walikusanya vijana wa vijiji vyote viwili. Hicho ndo kitendo ambacho mtu anaweza kukiiga kesho asubuhi.

Tuone tukio lenyewe likoje. Hili nimelitunga hapa, vijiji vyangu vinaitwa Mlimani na Bondeni:

(Pampu ya maji inalia kavu. Madumu yanagongana. Kuku.)

MAMA FURAHA: Leo tena hivi? Si walisema wametengeneza?

BABA RIZIKI: Itoshe saa ngapi, wa Bondeni wanakuja alfajiri wanakomba yote. Chifu kasema jana.

MAMA FURAHA: Chifu kawaona?

BABA RIZIKI: Kaambiwa. Na Jumamosi vijana waende kwake, vijana tu, kuna mazungumzo.

MZEE BAHATI: Mimi nimelala hapa Baba Riziki, tangu saa tisa usiku, dumu langu ndo hilo la kwanza. Hajaja mtu.

BABA RIZIKI: Mzee, na hayo macho yako...

MZEE BAHATI: Macho mabovu, masikio mazima. Pampu imekufa. Aliyekula hela ya pampu ndo tumuulize Jumamosi.

(Kimya. Mtu anacheka kidogo halafu anajizuia.)

Ona, haifiki dakika moja, hakuna aliyesema upendo wala umoja, lakini kuna shida ya kweli, kuna uvumi, kuna jina la mkubwa linatumika kuupa uvumi nguvu, kuna vijana wanaitwa pembeni, na kuna mzee mmoja kasema hapana kwa utani. Na yule aliyecheka akajizuia ndo msikilizaji wako. Tukio linalofuata lazima Mzee Bahati alipe kitu kwa alichosema, angalau wamsuse kilabuni, manake kwenye maisha ya kweli hakuna anayesema hapana bila kulipa, na ukificha hilo unakuwa muongo.

Mambo ya ufundi nitapita haraka. Sehemu moja dakika 20 inatosha kabisa, matukio manne au matano, visa viwili au vitatu vinavyosukana, usiweke sauti zaidi ya nne kwenye tukio moja sababu msikilizaji haoni, na hao wanne watajane majina mapema. Mwisho acha mlango wazi, mtu anagonga usiku na hatujui ni nani. Mahali patambulike kwa sauti: kwa Chifu kuna saa ya ukutani, kwa mama kuna mchi na kinu, mtoni kuna vyura. Kama hamna studio tafuteni chumba kidogo, magodoro ukutani, blanketi mlangoni, zima friji na feni, rekodi saa ambazo bodaboda zimepungua, hata simu nzuri ikiwekwa karibu na mdomo inatoa kitu. Msisome skripti kama taarifa ya habari. Fanyeni mazoezi bila karatasi, halafu mrudi kwenye maiki.

Lugha sasa, hapa tega sikio. Rwanda na Burundi wana bahati moja, pande zote zinaongea lugha ile ile, kwahiyo lafudhi haimfichui mtu. Kongo ya mashariki sio hivyo, Kiswahili cha mtu kinaweza kukuambia anatoka wapi na nyumbani kwao wanaongea lugha gani, na watu wanahukumiana kwa hilo kila siku. Ukimpa mchochezi wako lafudhi ya kundi fulani umeshafanya kosa ambalo hakuna hotuba itakayolifuta. Gawa lafudhi kwa kuchanganya, kila kijiji cha kubuni kiwe na za aina zote, na mwenye busara mmoja awe na ile lafudhi ambayo watu wanaicheka. Majina hivyo hivyo, tumia yale ambayo hayana kabila, Bahati, Furaha, Riziki, yapo mengi.

Kabla ya kurusha jaribisha kwa watu wasiokujua. Vikundi viwili tofauti, kila upande na wake kwanza, kisha waliochanganyika. Usiwaulize mmependa? Watasema ndio, wabongo na wakongo wote kwenye hili tuko sawa, mgeni hatukanwi. Waulize huyu Baba Riziki ni mtu wa wapi? Kama kikundi kizima kikimtaja kabila, rudi ukaandike upya.

Muda wa kurusha uwe ule ambao watu wametoka shambani na hawajalala, na marudio siku nyingine kwa sababu mwanamke wa kijijini jioni yuko jikoni na redio iko na mume. Hilo peke yake linaamua nusu ya wasikilizaji wako.

Sasa kitu ambacho wengi hawakitegemei. Inaonekana ni akili ya kawaida kwamba baada ya mchezo uweke kipindi cha mjadala, watu wapige simu, wazungumze. Huyo huyo Paluck alijaribu hilo Kongo ya mashariki na matokeo yalitoka 2010. Maeneo yote yalisikiliza mchezo, baadhi yakaongezewa kipindi baada yake kinachohimiza wasikilizaji wajadiliane. Walioongezewa kweli walijadiliana zaidi, lakini wakatoka na manung'uniko mengi zaidi na uvumilivu mdogo, na walipopewa chumvi wakaulizwa kama wako tayari kuigawa kwa watu wa kundi wasilolipenda, hao ndo walikuwa wagumu zaidi. Ukifikiria inaeleweka, vita bado iko mlima wa pili, umewaambia watu waongee bila kuwapa wa kuongoza maongezi, kila mtu anatoa kidonda chake na kidonda kinaamsha kingine.

Sisemi usiwe na vikundi vya kusikiliza. Uwe navyo, Rwanda walisikiliza kwa vikundi na ikafanya kazi. Ila usirushe mjadala wa wazi hewani sehemu ambayo bunduki bado zinalia, na kwenye vikundi weka mtu aliyefunzwa, anayejua kuuliza "Mzee Bahati angefanya nini kingine" badala ya "nyie mnaonaje kuhusu wale". Maswali yabaki ndani ya hadithi. Mtu akitaka kutoka nje ya hadithi aeleze yaliyomkuta yeye, asikilizwe, asibishiwe, na kuwe na mtu wa kumfuata baadae nyumbani, manake umemfungua mwenyewe.

Usalama wa watu wenu upangeni mapema kuliko bajeti. Burundi Mei 2015 baada ya jaribio la mapinduzi redio binafsi zilishambuliwa na kufungwa na waandishi wengi wakakimbia nchi, watu waliotumia miaka kujenga kuaminiana wakajikuta Kigali na kwingine wanaanza sifuri. Kwahiyo skripti na rekodi zihifadhiwe sehemu zaidi ya moja na moja iwe nje ya nchi, majina halisi ya waigizaji wa wahusika wabaya msiyatangaze kama wenyewe hawataki, kuna mwigizaji anaweza kupigwa sokoni kwa maneno ya kwenye karatasi, hiyo inatokea hata sehemu zenye utulivu. Wakubwa wa eneo waonesheni muhtasari wa hadithi mapema, sio kuomba ruhusa ya kila mstari, ila wasije wakasikia Chifu wa kubuni wakadhani ni wao. Watadhani tu. Jibu liwe tayari.

Kupima rudi kule nilikoanzia. Usiulize "je unawapenda majirani zako", uliza majirani zako wangesemaje kijana wa huku akioa kule, uliza mara ya mwisho kwenye kikao nani alimpinga mwenyekiti na ikawaje, angalia nani anakaa na nani kwenye msiba na kwenye harusi. Pima kabla hujaanza kurusha, sio baada tu, na kama kuna eneo redio yenu haifiki pima na huko ili uwe na cha kulinganisha.

Na hela. Mfadhili atakupa mwaka mmoja, ukibahatika miwili, na hii kazi inataka mitano kumi. Hapa kuna ujanja wa kiuandishi: kila msimu andika sehemu tatu za dharura na uzirekodi mapema, sehemu ambazo zinafunga visa vyote kwa heshima, Shema wako na Batamuliza wako wanajulikana hatima yao, mchochezi analipa, pampu inatengenezwa au haitengenezwi lakini tunajua kwanini. Hela ikikatika ghafla unazirusha hizo. Usije ukaacha kijiji kizima cha kweli kinasubiri wiki kwa wiki kujua kama kijiji cha kubuni kilishambuliwa Jumamosi, halafu redio ikae kimya, manake watamalizia hadithi wenyewe na hujui wataimaliziaje.